Uso wa Yesenia, Barua za Floridalma

Doña Tránsito mpendwa, wewe unayejibu barua za wenye shida, nisaidie upesi, nina hofu na furaha pamoja, maana mfadhili wa binti yangu anakuja, Bi Lorraine mwenyewe, kutoka Kanada, baada ya miaka mitano ya barua, anapanda huku kwetu milimani tarehe kumi na nne mwezi ujao, na kijiji kizima kimechachamaa, mume wangu amepaka chokaa ukuta wa mbele, wa nyuma tutaona, shemeji amekodi marimba, bata mzinga wawili wanalishwa mahindi kama maharusi, na mimi peke yangu ndiye ninayehangaika, kwa sababu picha aliyoitundika Bi Lorraine ukutani kwake si ya mwanangu.

Ilikuwa hivi. Floridalma akiwa na miaka saba shirika la kuwatafutia watoto wafadhili lilimwandikisha, na siku ya kupigwa picha akaamka na tetekuwanga, uso mzima malengelenge, na Seño Brenda, yule binti wa shirika, huja na kamera mara moja tu kwa mwaka, tena tulishaambiwa mtoto asiye na picha hapati mfadhili, sasa ningefanyaje, nikamchukua Yesenia, mtoto wa dada yangu Nicolasa, wamelingana umri, nikamvika blauzi ya kufuma ya mwanangu, nikamsimamisha mlangoni, kacha, imekwisha. Mwaka uliofuata nikasema picha lazima ifanane na ya kwanza, nikamwita tena Yesenia, na mwaka wa tatu vilevile, mpaka leo, na Seño Brenda ana watoto mia tatu, atajua nani ni nani? Lakini barua zote, naapa kwa Bikira, ameziandika Floridalma kwa mkono wake, amemsimulia yule mama jinsi mbwa wetu Pinto alivyogongwa na lori, jinsi anavyoogopa radi, jinsi anavyotaka kuwa mwalimu, na Bi Lorraine humjibu kurasa tatu tatu, na katika ya mwisho kaandika, "Nakuja nikukumbatie, na nikione kwa macho yangu hicho kishimo cha shavuni." Kishimo ni cha Yesenia!

Basi nikaamua Yesenia awe Floridalma kwa siku moja tu. Tukaanza mazoezi jikoni.

"Mbwa wako aliitwa nani?" nikamuuliza.

"Bobi?"

"Pinto, we mtoto! Na alikufaje?"

"Alizeeka."

Dada yangu akacheka mpaka akakaa chini. "Hebu muache mwanangu, atatabasamu tu, inatosha. Uso ndio unaomleta mgeni, si wino. Na zawadi tunagawana nusu kwa nusu, usije ukajifanya umesahau."

Floridalma alikuwa pembeni akikanda unga wa mahindi. Mwanzoni alimnong'oneza mwenzake majibu, halafu akaacha. Baadaye akaniambia, "Mama, mwambie Yesenia asiseme habari za Pinto. Niliyelia ni mimi." Na sasa anasema siku hiyo ataenda kwa bibi yake kuchuma maharage, tumwite mgeni akishaondoka.

Nikisema ukweli, shirika litamfuta kwenye orodha, na Januari anaanza sekondari, ada, sare, viatu, vyote vinatoka kwao. Nikinyamaza, mwanangu hanitazami usoni. Nifanye nini? Jina langu usilitaje, watu wa huku wambeya.

Mama Mwenye Furaha na Hofu

*

Doña Tránsito anajibu:

Jina lako sitalitaja, na majina ya wengine nimeyabadili, ingawa kwa marimba na bata mzinga wawili nadhani mlima mzima umeshakujua. Dada yangu, kwanza hongera! Mtu kavuka nchi ngapi kuja kumkumbatia mtoto wa kwenu, nani asingepaka chokaa? Nimemcheka Bobi mpaka machozi. Kisha nikafika kwa Floridalma na maharage yake, kicheko kikanikauka.

Mwaka wa kwanza sikulaumu. Mama gani angekubali mwanawe akose shule kwa sababu ya malengelenge? Lakini tetekuwanga haikai miaka mitano. Mwaka wa pili mwanao alikuwa mzima, amebaki na makovu yake, na wewe ukachagua kishimo. Usinidanganye na habari za picha kufanana. Ulimwona wa dada yako anapendeza zaidi. Na Floridalma naye alikuona ukimwona, kila mwaka, mwenzake akiwa ndani ya blauzi yake.

Nicolasa naye mwambie aache maneno ya sokoni. Hakuna anayepanda ndege kufuata kishimo. Yule mama anamfuata mtoto aliyemwambia kwamba anaogopa radi, na mtoto huyo ndiye mnayetaka kumpeleka shambani!

Sasa sikiliza. Jumatatu asubuhi shuka mjini na Floridalma, mwende ofisi ya shirika. Usibebe kuku wala tamali za mahindi za kulainishia mambo. Mwambie Seño Brenda kwa kinywa chako, na akifoka mwache afoke, ni haki yake. Omba apige picha mpya palepale, makovu na yote, iende Kanada pamoja na barua ambayo binti yako ataandika bila wewe kumtilia maneno. Mstari mmoja tu uwe wako: kosa ni la mama. Yesenia hana hatia hata chembe, naye mwandikishe kwa jina lake na uso wake, na siku ya sherehe ale ashibe.

Je, watamfuta? Huenda, sikuahidi kitu. Ikiwa hivyo, njoo kwangu, ada ya sekondari tutaitafuta pamoja, milango ya kugonga ipo. Lakini mtoto aliyefichwa siku ya mgeni wake mwenyewe, huyo sijui mlango wa kwenda kumtafutia.

Na tarehe kumi na nne marimba ipigwe! Mgeni akishuka garini, usihutubie, usijieleze. Sema tu, "Huyu ndiye Floridalma," kisha sogea pembeni, mwanao apite.