Gunia la Mbegu la Baba Yetu, Dkt. Filipo Ndahani

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu tarehe 9 Novemba 2024, ulipotutoka ghafla asubuhi hapa nyumbani, mtaani kwetu Kikuyu, mguu mmoja umevaa kiatu cha shambani, kiatu cha pili kiko mkononi. Tulikuwa tumekukataza kutoka siku hiyo. Kama kawaida yako, hukutusikia.

Kituo cha utafiti kilikustaafisha, lakini wewe na mtama hamkustaafiana. Siku ya harusi ya binti yako Hilda ulisimamisha msafara mzima barabarani, ukaingia na suti kwenye shamba la mtu usiyemjua, ukatoka umejaa miba hadi magotini na suke moja mkononi, bibi harusi anakusubiri. Tulikukasirikia, nawe ukatuomba radhi hadi tukacheka. Ulikuwa baba wa namna hiyo. Ulitusuka nywele Mama alipokuwa safarini, na ulisuka vibaya sana.

Ulitusimulia kwamba ulipokuwa mdogo mvua zilikatika Februari, na bibi yako akavuna mabua matupu. Ndipo ukaanza kutafuta mtama utakaowahi kukomaa kabla jua halijashika. Katika kishamba chako ulichagua masuke, moja moja, miaka kumi na moja. Mbegu yote uliyobakiza ilikuwa kwenye gunia moja stoo. Mama ana neno la kukuambia kuhusu gunia hilo, na ametuagiza tuliandike hapa, mbele ya watu.

Msiba wako ulikuwa mkubwa kuliko sufuria zetu. Siku ya pili unga uliisha. Akina mama waliokuwa wanapika wakaingia chumbani alikoketi Mama, khanga kichwani, wakamuuliza wafanyeje. Hakuwa amelala wala kula. Akawajibu bila kuinua uso, "Stoo kuna gunia la mtama. Chukueni." Wakapepeta yale majivu uliyochanganya kuzuia wadudu, wakaupeleka mashine ya kusaga ya Chang'ombe, na jioni watu wakala. Wengine waliuliza ni mtama gani huo, mweupe hivyo na mtamu hivyo. Wakaongezwa.

Matanga yalipokwisha, Mama aliingia stoo kufagia, akaokota kipande cha boksi chenye mwandiko wako: MBEGU. MSIGUSE. Akakaa sakafuni. Kisha akakificha ndani ya Biblia, asimwambie mtu. Tulimwona anakonda tukasema ni upweke. Siku ya Pasaka mwanao Thobias alimwekea sahani ya ugali wa mtama, akaisukuma na kulia.

"Kazi ya baba yenu nimeipika," alisema. "Miaka kumi na moja, nimeipika siku moja. Nitamwambia nini?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Thobias aliwapigia simu wenzako wa zamani, nao wakasema ile ilikuwa kazi yako binafsi, hawakuwa na punje hata moja. Baada ya hapo hakuna aliyeitaja tena mbegu mbele ya Mama.

Mwezi wa saba alikwenda Mvumi kwa dada zako, kwenye sikukuu ya mavuno kanisani. Watu wakapita mbele na sadaka zao, kuku, karanga, maboga. Akapita bibi mmoja aitwaye Emiliana, amebeba fungu la masuke. Mama akasimama. Suke fupi, nene, lililoshikamana, punje nyeupe. Alilijua kama anavyoijua mikono yako. Ibada iliyobaki hakuisikia.

Nje akamfuata. "Shikamoo, bibi. Samahani, ule mtama umeupata wapi?"

"Marahaba, mama. Si Daktari mwenyewe alinipa? Mwaka wa saba huu. Alinipa konzi moja, mbegu za kujaa kiganja tu, akasema, bibi, huu upande peke yake, usiuchanganye, na ukivuna mpe mwenzako konzi moja, naye ampe mwenzake."

"Wewe ulimpa nani?"

Bibi Emiliana akaonyesha kwa kidevu watu waliokuwa wanatoka kanisani. "Yule pale nilimpa mimi. Naye akampa yule. Yule mwenye kilemba binti yake ameolewa Kondoa, huyo binti akampelekea mama mkwe wake, Mwantum, na huko nako wanapanda. Nimeshapoteza hesabu, mama. Kwani hakukwambia?"

Hukumwambia, Baba. Hukumwambia yeyote kati yetu. Tulidhani safari zako za Mvumi ni za kunywa togwa kwa jamaa zako.

"Nilimuuliza, Daktari, kwa nini usitunze mwenyewe?" bibi akaendelea. "Akasema, mbegu ikikaa ghala moja, panya mmoja anatosha kuimaliza."

Mama akajishika mdomo. "Bibi, panya mwenyewe ni mimi."

Akaeleza yote pale pale, na akina mama wakasimama kumsikiliza. Alipomaliza walicheka hadi wakashikana mabega, na Mama akacheka nao. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uondoke.

Tulikwenda wenyewe kujionea. Kila nyumba tuliyoingia tuliukuta mtama wako, kwenye vikapu, juu ya dari za nyumba za tembe, kwenye mabakuli ya watoto waliokuwa wakila. Mvua zilikatika mapema tena mwaka huu, na wao walikuwa wameshavuna. Tulitembea siku mbili tukiitafuta nyumba ya mwisho, hatukuifikia. Baba, tunastaajabu. Tulikula na wewe meza moja miaka yote hiyo, tukikugombeza kwa matope ya viatu vyako, na hatukujua tumekaa na nani.

Mama alimwomba Bibi Emiliana ampe angalau debe moja, arudishe ulichokuwa nacho. Bibi akakataa katakata. "Konzi moja, mama. Ndivyo Daktari alivyosema, na wewe ni kama sisi." Mama akaifunga kwenye pindo la khanga, akarudi nayo Kikuyu. Ameshalima kipande nyuma ya nyumba, anasubiri mvua, na jirani wa kumpa konzi yake ameshamchagua.

Haombi tena umsamehe kwa ajili ya gunia. Anaomba umsamehe kwa kuwa alikuomboleza miezi yote ile kana kwamba kazi yako imekwisha.

Unakumbukwa na mkeo Penina, wanao Hilda, Thobias na Anitha, mkweo Joshua, wajukuu zako watano, dada zako wa Mvumi, na nyumba zile ambazo hatukuweza kuzimaliza.

Siku zote tutakukumbuka, Baba.