Ukuta wa Mama Zaina na Karatasi ya Asiransi

Jumanne, 9 mwezi wa 10, 1956
Nimetwanga mpunga tangu asubuhi. Mvua iko karibu. Sefu, mutoto wangu, ni fundi, anakimbiza kujenga duka la Bwana Athumani kabla mvua haijashika. Miti ya kupandia mafundi ameiegemeza kwa ukuta wa nyuma wa Mama Zaina, jirani yetu, maana nafasi kati ya duka na nyumba yake ni ndogo. Jana nilimupelekea Mama Zaina sahani ya wali na kuku, kama inavyofaa ukitumia kitu cha mwenzako. Akala yote, akasema chumvi imepungua. Hana haya yule.

Jumatano, 10
Ukuta umeanguka. Matofali mabichi ya zamani, mvua ya usiku, mafundi wamepanda wengi. Chumba chake cha kulala kiko wazi, barabara nzima inaona kitanda. Yeye alikuwa kisimani. Mungu amemuokoa.
Nimemuleta kwangu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 20
Sefu iko na asiransi, ile bima ya kampuni. Serikali ilimulazimisha aichukue kabla ya kumuahidi kazi ya kujenga dispanseri. Mimi nilikuwa nikisema ni ujinga. Karatasi ni ya Kifaransa, mimi najua herufi za chuo cha Korani tu, Sefu akanisomea: kazi yake ikiharibu kitu cha mutu mwingine, kampuni italipa kitengenezwe.
Leo mutu wa kampuni amekuja kuuliza. Kijana wa adabu, alikunywa chai yangu. Nilitaka ajue sisi si wahuni, hatukushika ukuta wa mutu kwa nguvu. Nikamuelezea habari ya wali na kuku. Akaandika. Nilifurahi kumuona anaandika.

Alhamisi, 15 mwezi wa 11
Kampuni imekataa. Barua inasema asiransi haigusi kitu ambacho fundi amekikodi, wala kitu kilichowekwa mikononi mwake. Na ukuta, wanasema, Sefu aliukodi. Kodi yenyewe ni wali na kuku.
Ni mimi. Mdomo wangu.
Sefu hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, chakula chako kimekuwa kodi ya nyumba." Akacheka, lakini macho hayakucheka. Wakishikilia hivyo, atauza vyombo vyake vya kazi vyote ili ajenge ule ukuta, na kazi ya dispanseri atapewa mwingine. Miaka saba ya jasho.

Ijumaa, 7 mwezi wa 12
Sefu ameshitaki kampuni. Sokoni wanamucheka. Muke wa Athumani aliniuliza kama kesho nitashitaki mvua. Nikanunua samaki zangu za Nyangwe, nikaenda zangu. Ninaogopa. Ninaandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunijibu.

Jumatano, 6 mwezi wa 2, 1957
Juji, hakimu wa kesi yetu, amefika na gari kutoka Bukavu. Muzungu mwembamba, anapiga chafya. Avoka, wakili wa kampuni, alisema kwa muda mrefu, mukalimani akafupisha: Mama Zaina amekula, basi amekodisha.
Juji akaniita. Akauliza nilipeleka chakula ili nipate nini. Nikasema, ili jirani asinune.
Akamuita Mama Zaina. Akamuuliza: chakula kisingekuja, angemukatalia Sefu ukuta?
"Ningemupa tu, Bwana Juji. Yule nilimubeba mgongoni akiwa mutoto. Lakini mama yake ningemusema pale kisimani mpaka Ramazani."
Mukalimani alicheka kwanza, ndipo akatafsiri. Juji akauliza ufunguo wa nyumba ulikuwa kwa nani. Kwake Mama Zaina. Na nani alilala mule ndani siku zile zote? Yeye, na kuku zake.
Avoka alikuwa anatazama karatasi zake. Sijui lina maana gani.

Jumatatu, 18
Tumeshinda. Tumeshinda. Naandika mara mbili.
Juji alisoma, mukalimani akaenda polepole. Kampuni iliahidi kulipa, halafu ikaandika yale isiyotaka kulipa. Basi yale ya kukataa yasomwe yalivyo, yasivutwe kama mpira. Kukodi ni kukodi. Kuegemea si kukodi. Wala ukuta haukuwa mikononi mwa Sefu, kama mwenye nyumba alikuwa analala nyuma yake na ufunguo anao. Kampuni kama ilitaka kukataa kuegemea, ingeandika kuegemea, kalamu ilikuwa yake. Na penye shaka, shaka inamuangukia aliyeandika. Chakula cha jirani ni heshima ya watu wa hapa, si kodi.
Heshima. Alisema hivyo mbele ya wote.
Kampuni itajenga ukuta, tena na kulipa gharama za kesi. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka polisi akatutoa inje. Nikapita sokoni na kitenge changu kipya, nikapita polepole. Muke wa Athumani alikuwa anapanga vitunguu. Nikamusalimia vizuri sana. Mungu anisamehe, ile furaha ilikuwa tamu.
Sefu alinishika mkono njia nzima, mutu muzima na ndevu zake.

Jumapili, 10 mwezi wa 3
Mama Zaina amerudi kwake leo. Matofali ya kuchoma, chokaa nyeupe. Alisema nyumba inanuka upya, hataweza kulala. Sefu ametoka mapema kwenda kupima msingi wa dispanseri.
Nimefagia chumba alichokuwa analala Mama Zaina. Mvua ndogo. Nimesonga ugali wa watu watatu, halafu nikakumbuka tumebaki wawili. Nimeufunika tu. Sefu atarudi na njaa.