Huyo Mama Mweupe Siye Felista

Mchikichini, Dar es Salaam

Kwako shemeji yangu mpendwa Anastazia,

Amani ya Bwana iwe nawe. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako likiwa limepata nafuu baada ya baridi ya huko mlimani. Sisi tu wazima, ila moyo wangu umechafuka.

Uliponipigia simu Jumapili na kuuliza, "Shemeji, huyu mama mweupe uliyenitumia ni nani?" nilidhani unanitania. Niwie radhi. Bahasha ya duka la picha niliipeleka kwenye basi bila kuifungua.

Majuma matatu niliirekebisha picha ya marehemu dada yako, ya kuweka kwenye msalaba wa kaburi lake, kwenye kompyuta ya binti yangu, nikikishika kilemba chake cha rangi ya damu ya mzee kando ya kioo cha kompyuta, mpaka rangi zikapatana na weusi wake ukarudi. Sasa mtu aniharibie!

Nilirudi Kariakoo na kilemba mkononi. Fundi akaniamkia vizuri.

"Marahaba," nikasema. "Uliyemchapa si mke wangu."

"Mzee wangu, mashine inang'arisha yenyewe. Wateja wote wanataka hivyo. Mbona bibi katoka bomba!"

Nikatazama picha za harusi ukutani: nyuso zote rangi moja, kana kwamba Kariakoo nzima imezaliwa na mama mmoja. Shemeji, nilipiga meza. Mimi!

Nikamwamuru achape bila kugusa kitu. Ikatoka nyeusi kama masizi.

"Kioo cha kompyuta yako umekiwasha mwanga wote, mzee. Karatasi haina taa."

Hapo alisema kweli. Nikamwomba radhi kwa ajili ya meza. Hasira nilibaki nayo. Nikaenda nyumbani, nikapunguza mwanga wa kioo, nikarekebisha upya. Fundi alipochapa ya tatu, niliitoa nje ya duka, juani, nikaiwekea kilemba juu. Vikalingana.

Nakutumia vyote viwili. Vitazame asubuhi, mlangoni pako. Wewe ulimjua kabla yangu. Ukisema siye, msalaba wake utabaki bila picha hata siku ya misa ya kumwombea, nami sitakulaumu.

Nisalimie kaka yenu mkubwa, na katekista aliyemfundisha Felista kusoma.

Ile ya kwanza usiichome, tafadhali. Irudishe kwa basi, niipeleke dukani mwenyewe. Huyo mama ana kwao, ukutani kwa fundi, si kaburini kwetu.

Shemeji yako mwenye heshima, na hasira bado,
Eliasi