Plagi za Mtani Wangu

Jumatatu, 9 Julai 1956. Mbeya.

Ijulikane kwa kila mtu ambaye hakuuliza: leo saa kumi alasiri mimi, karani wa mizani katika bohari la pareto, mwenye miaka arobaini na saba na kitambi cha haki, nimebadilisha plagi mbili za pikipiki yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Damu kidogo, kidole cha shahada. Hakuna aliyekufa.

Plagi nimenunua dukani kwa Bwana Kanji. Aliyenikabidhi ni fundi wake, Nyoni. Alitaka kuzifunga yeye. Nikakataa. Nyoni ni Mngoni, mimi Mhehe, yaani watani. Miaka kumi na moja hatujaamkiana bila matusi. Leo kaniita mla mbwa, nami nikamwuliza panya wa kwao msimu huu wamenona? Tumeahidiana kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake atamzika na kumvua viatu. Mtu kama huyo nimpe nafasi ya kunifungia plagi?

Jumamosi mtoto wa dada yangu anaolewa Iringa, pale Mlandege. Nimewaandikia kwamba nitaingia kwa pikipiki. Barua imeshafika.

Nimepiga kiki mpaka jua likazama. Imekohoa. Haikuwaka.

Jumanne, 10 Julai.

Kiki kabla ya chai. Kiki baada ya chai. Umande umeganda juu ya tangi. Injini inapiga mshindo mmoja, bwe!, halafu kimya. Nimeisukuma mpaka kwa Kanji. Mke wa jirani alitoka kutazama, na kikombe chake mkononi.

Nyoni alinijaribia kiki moja. Kusikia ule mshindo akacheka mpaka akakaa chini. "Mtani, inabweka hii! Nyie si mnakula? Ipelekeni jikoni!" Watu wakaangua kicheko. Akasema nimwachie mpaka mchana, atanionyesha kitu. Huyu alitengeneza pikipiki za jeshi huko Burma wakati wa vita. Vidole viwili viko huko mpaka leo.

Ikawa zamu yangu. Nikapaza sauti: "Mwizi huyu! Plagi mpya kala na panya, mimi kaniuzia kuukuu!" Utani mzuri. Hata Nyoni alipiga makofi.

Kanji hakucheka. Kwao hawana watani. Akaja akazifungua plagi: nyeusi ti, kwa kiki zangu za tangu jana. Akafungua sanduku la Nyoni. Plagi mbili safi, zimeviringishwa kitambaani. Ni kuukuu alizookota jalalani akazisugua wiki nzima. Mimi mwenyewe nilimwona akizisugua. Kanji akanigeukia. "Kweli, karani?"

Nyoni alikuwa bado anatabasamu. Ananingoja nimalize mchezo.

Nikasema, "Sijui."

Watu walikuwa wamejaa. Ama yeye mwizi, ama mimi mjinga.

Amefukuzwa kazi. Chumba cha nyuma ya duka, anachokaa na mkewe na watoto, akiache kabla ya Ijumaa. Zile plagi safi nimepewa mimi, kama zangu.

"Sijui" si uongo. Kweli sikujua pikipiki ina nini.

Jumatano, 11 Julai.

Nimefunga plagi za Nyoni. Nyaya nimezirudisha kama zilivyokuwa. Bwe! Kimya.

Basi plagi si tatizo. Hilo tunalijua wawili, mimi na pikipiki.

Nimesafisha kabureta. Nimemwaga petroli, nimetia nyingine. Nimeikemea. Imebaki kuipeleka kanisani ikaombewe.

Mke wa Nyoni amenifuata boharini. Amesimama karibu na mizani mpaka wakulima wote wakaondoka. "Shemeji, kamwambie tu Bwana Kanji ulikuwa utani. Neno lako moja." Nikasema kesho.

Alikuwa peku. Julai, Mbeya.

Alhamisi, 12 Julai.

Saa sita mchana nimeona. Nyaya za plagi. Mmoja umevutika kama kamba ya mbuzi aliyeona mahindi, mwingine umelegea tu. Nilizipishanisha Jumatatu: wa kushoto nimeuchomeka kulia, wa kulia kushoto. Injini ilikuwa inapata moto wake wakati usio wake.

Nimezibadilisha. Kiki moja. Imewaka.

Nimeruka kama ndama. Kitambi kikafuata baadaye.

Kisha nikapanda, nikaenda mpaka dukani. Njiani nilikuwa na maneno yote tayari. Kanji alikuwa nje. Akasikia injini, akainua mkono. "Umeona, karani? Plagi zako hizo!"

Nikampungia. Sikusimama.

Ijumaa, 13 Julai. Iringa.

Nimefika. Vumbi mpaka masikioni, makalio yamekufa. Makambako nilisimama kutia petroli. Ya Makambako siandiki.

Jumapili, 15 Julai. Mlandege.

Harusi imekwisha. Pikipiki imesifiwa kuliko bwana harusi. Watu wametaka habari za safari, nami nimewapa ya mtani wangu Mngoni aliyeniibia plagi nikamkamata. Nimeisimulia mara tatu. Kila mara inanoga zaidi. Shemeji yangu alicheka mpaka machozi. "Na nani aliyeitengeneza?" Mimi mwenyewe, nikasema.

Sasa wamelala mchana, nyumba imetulia. Niandike.

Hakuiba. Kosa ni langu tangu kiki ya kwanza. Nadhani yeye alijua Jumanne ileile, kwa kuusikia mbweko. Kile alichotaka kunionyesha mchana ni nyaya. Alitaka tu tutaniane kwanza, ndiyo desturi. Maneno yangu ya kwanza yalikuwa utani. Lile la mwisho halikuwa.

Makambako lori la kwenda Songea lilikuwa limesimama. Mkewe alikuwa juu, na watoto na magodoro. Nyoni alikuwa chini. Akaja mpaka kwenye pikipiki yangu, inanguruma vizuri. Akainama. Akagusa waya mmoja, kisha mwingine. Ule mfupi bado una kikunyanzi pale nilipouvuta.

Akaniangalia. Nikangoja aniite mla mbwa. Nilitaka aniite mbwa mwenyewe, mbele ya lori zima. Ningecheka, ningelia, ningemrudisha Mbeya nyuma ya kiti changu.

Akavua kofia.

"Shikamoo, Bwana Karani."

Kwa adabu. Kama watu ambao hatujawahi kuonana. Tumezaliwa mwaka mmoja.

Nikaitikia marahaba.