Sisimizi wa Nyuma ya Jikoni

Uvira, 4 Mei 2023

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana. Mgongo wako umepona? Hapa kwa shangazi Apollinarie tuko salama, ila ananigombeza kwamba namaliza bidoni ya maji peke yangu. Ni joto, na masomo hayanipi usingizi.

Wale sisimizi uliotuonyesha wakati wa Pasaka, pale nyuma ya jikoni tunapokojoa usiku, hawanitoki kichwani. Ulisema wanafuata mkojo wa Baba, kwamba ana ugonjwa wa sukari, kama ule uliomuua babu, naye hataki kusikia habari ya hospitali. Sasa shuleni tumefika kwenye dawa ya Fehling. Ni maji ya buluu. Ukiyachemsha na kitu chenye sukari kama ile ya matunda, yanageuka mekundu. Prof Emery wa kemia amekubali tupime mkojo. Muombe Baba chupa moja tu. Sipigi simu kwa sababu simu ya shangazi inasikilizwa na nyumba nzima.

Mtoto wako,
Belyse

Sange, 9 Mei 2023

Mwanangu Belyse,

Jambo sana. Sisi tuko, mpunga tu ndio unatuchosha. Weye unakula? Pasaka ulikuwa umekonda hadi mifupa ya shingo inaonekana.

Baba yako alicheka: "Kumbe nimemupeleka mutoto masomo ili achemshe mikojo yangu!" Lakini akajaza. Dereva Thaddée anayekuletea chupa nimemwambia ni dawa ya mbuzi, asije akaitupa.

Jibu upesi. Baba yako akiamka usiku kukojoa, minye pia naamka, nasikiliza.

Mama yako,
Consolée

Uvira, 12 Mei 2023

Mama,

Habari za hapo? Nianze na Baba: chupa ya kwake ilibaki buluu. Prof alirudia, buluu tena.

Clovis alipiga kelele, "Belyse ametuletea bia ya moto!" Darasa zima likacheka.

Prof alitaka tuweke pembeni na ya mtu mwenye afya, ili tulinganishe. Niliona haya kumwomba mtu. Nikaenda chooni mwenyewe.

Hiyo ndiyo iliyogeuka. Kwanza kijani, halafu rangi ya chungwa, mwishowe nyekundu kama tofali. Prof akaniuliza polepole, "Belyse, huyu mwenye afya ni nani?" Wote walikuwa wananitazama. Nikasema simjui.

Mama, ni mimi. Labda chupa haikuoshwa vizuri. Nimekunywa maji kabla ya kuandika, na bado nina kiu.

Belyse

Sange, 13 Mei 2023

Belyse,

Leo sina salamu. Nimetoka nyuma ya jikoni sasa hivi. Baba yako anakojoa palepale kila usiku, na sisimizi hakuna hata mmoja. Hawajarudi tangu uondoke, na minye sikuwaza.

Simu ya shangazi haipatikani. Gari la Thaddée limejaa, basi barua itangulie, sisi tunafuata na lingine. Mpe shangazi aisome: akupeleke hospitali leo, asitungoje.

Wakikuuliza huko ni mkojo wa nani, usiinamishe kichwa. Sema ni wako.

Mama