Nafasi Moja ya Mama

Lusungu,

Nimekwenda Ngonga kuanika mpunga. ~~Ndizi zangu usiguse.~~ Ndizi ziko jikoni, zipashe moto. Kuku wafungie mapema.

Asubuhi ukiwa bafuni nilijaribu hiyo tovuti ya ukoo unayoitengeneza kujifunzia kompyuta. Nikafungua jina lako, nikajiandika mama. Ikanikataa, eti mama unaye tayari. Kumbe kwenye jedwali la watu umempa kila mtoto nafasi moja tu ya mama, na yako ukamjaza dada yangu aliyeko Mbeya. Sawa, alikuzaa. Nani alikubeba mgongoni mpaka miguu ikaburuza chini? Tutengenezee kina mama jedwali letu, kila mmoja na mstari wake, ndipo utuunganishe na watoto.

Mpaka ulirekebishe, shati la kanisani akufulie huyo wa Mbeya.

Mama yako mdogo, kompyuta itake isitake