Mkono Uliozoea Pasi

Jumatatu, 3 Machi

Mkanda hajala tena. Wiki ya tatu! Nimemwekea chakula, kageuza shingo kama mgeni aliyeshiba kwao. Macho yameingia ukungu. Karatasi ya binti yangu inasema hiyo ndiyo dalili: chatu anataka kujivua gamba. Karatasi nimeibandika juu ya tanki la kioo. Upande wa moto nyuzijoto 32, upande wa baridi 26, unyevu sitini, akijivua sabini. Leo unyevu ni arobaini na moja. Nimezunguka sebule mara kumi. Mtu mzima mimi, nahangaikia nyoka!

Chuoni kwa binti hawaruhusu nyoka, ndiyo maana kabaki kwangu. "Mama, utamweza kweli?" Aliuliza hivyo kwa sababu mwaka jana nilitishia kumtupa jalalani. Hajasahau. Nataka safari hii asiwe na la kusema.

Jumatano, 5 Machi

Unyevu unishinde mimi? Miaka ishirini na mbili napiga pasi kwenye duka la kufulia, mvuke ndio kazi yangu! Nimeloweka taulo, nimelikamua mpaka likaacha kudondoka, nimelitandika ndani ya kopo lenye mlango, ajifiche humo. Nusu ya matundu ya mfuniko wa tanki nimeyaziba. Halafu ile chupa ya kunyunyizia kola za mashati — fyu, fyu, pembe zote. Jioni kipimo kinasema sabini na mbili. Nimecheka peke yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Kajivua! Gamba zima, puani mpaka mkiani, limetoka kama soksi iliyogeuzwa. Nimempiga picha, nikamtumia binti. Jibu hapo hapo: "Mamaaa! Wewe ni mkali!" Miezi miwili alikuwa ananijibu "sawa" tu.

Nimeusoma ujumbe mara sita. Mara ya sita nilikuwa dukani, pasi mkononi. Mwenzangu wa meza ya pili akauliza kunanuka nini. Kumbe kidole changu kimegusa chuma, mwenyewe sina habari! Wote wakacheka. Ndiyo maana wananiita Mkono wa Chuma.

Jumapili, 9 Machi

Kidude cha kukata moto kimekufa — kile kinachouzima mkeka wa umeme chini ya tanki joto likizidi. Namba zake zimezimika, sina tena pa kusoma. Fundi anasema kingine mpaka Jumatano. Na jana tu Mkanda amekula! Akipoa hawezi kusaga chakula, binti alisisitiza hilo kwa wino mwekundu.

Nimeuchomeka mkeka moja kwa moja ukutani. Kila saa naingiza kiganja na kugusa sakafu ya tanki. Vuguvugu tu. Mkono huu unajua moto wa hariri na moto wa pamba, ushindwe na nyoka?

Jumanne, 11 Machi

Tumboni ana baka jekundu. Upana wa vidole vitatu, ngozi imejaa maji.

Nimembeba ndani ya foronya mpaka kwa daktari wa mifugo. "Ameungua, mama." Haiwezekani, nikasema, nilikuwa napima mwenyewe. Kwa kifaa gani? Kwa mkono. Akauliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia alikitazama kiganja changu, akaendelea kuandika dawa. Atapona, lakini mkeka uzimwe, apewe joto la taa, na awe pakavu mpaka kidonda kifunge. Taulo langu la kujivunia limetoka.

Sijaweza kukaa tangu nirudi. Naona aibu. Aibu na woga, sijui kipi kimetangulia.

Alhamisi, 13 Machi

Binti kaomba picha. Nimetuma ya mgongo. Ya mgongo tu!

Dukani nimempa mwenzangu shati nililolitoa pasini muda huo huo. Karuka, kaliangusha, kaniuliza nina wazimu? Mimi nilikuwa nimelishika tu.

Simu tena. Binti anakuja Jumamosi, zimebaki siku mbili tu.

Jumamosi, 15 Machi

Hata begi hakutua. Moja kwa moja kwenye tanki, kamnyanyua Mkanda, kaona tumbo. Nikamweleza yote, na picha ya mgongo pia.

"Ulikuwa unapima na nini?"

Nikainua kiganja.

Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga. Alikishika, akakigeuza, akabonyeza kidole kimoja kimoja. Hiki unasikia, mama? Na hiki? Nasikia, nikasema, nasikia. Nilijibu upesi mno.

Sasa yuko jikoni. Kaniambia niketi hapa na nifumbe macho akirudi. Ataleta bilauri mbili, moja maji ya bomba, moja ya moto, niguse nimwambie ipi ni ipi. Mkanda kajikunja chini ya taa, katulia kuliko mimi. Jumatatu kuna rundo la mashuka ya hoteli linaningoja. Kazi nyingine siijui.

Birika limeanza kuchemka. Nikifumba kweli, atajua. Nikichungulia, mvuke nitauona, na hapo sikosei.

Hatua zake hizo. Nimeshika kalamu. Najua nimeishika kwa sababu naiona —